Ndama Ndani ya Nyumba ya Mabati

Kwa Baba yangu, mwalimu wa chuo, Busi.

Shikamoo Baba. Nimeweka jina la Mwenyezi Mungu mbele, kisha wewe, kisha Mama, kisha yote mengine. Hamjambo huko? Kifua chako kinakwendaje na baridi hii? Maana kama imefika huku kwenye uwanda wa Wagogo namna hii, sijui huko kwetu milimani imekuwaje. Na magoti ya Mama, yanampandisha mpaka shambani au amemwachia Mariamu kazi yote? Mtama wetu ulikomaa kabla upepo haujaukuta? Nijibu hayo kwanza, hata kama mengine ya barua hii yatakukasirisha usitake kuyajibu.

Mimi ni mzima. Shangazi Zuhura ni mzima, amejifungua mtoto wa kiume. Naliandika hili mapema ili Mama, ambaye najua ameketi karibu yako akikuhimiza usome upesi, ashushe pumzi. Wako hai wote wawili mpaka saa hii ninayoandika. Lakini mtoto alikuja kabla ya wakati wake, na baridi nayo imekuja kabla ya wakati wake, wakakutana. Hiyo ndiyo habari yenyewe. Na ndani ya habari hiyo kuna jambo nililolitenda mimi kwa jina lako, Baba, bila kukuuliza. Ndilo ninalokuandikia, wala si habari ya mtoto peke yake.

Saidi, yule mchuuzi wa samli, anaondoka kesho na punda wake kurudi Kondoa. Ameahidi kukupa barua hii mkononi mwako, si mkononi mwa mwingine. Nimeiandika kwa herufi zako za Kiarabu za chuoni. Hapa stesheni wanaojua kusoma wanasoma herufi za Kidachi za Wajerumani tu, kwa hiyo hakuna atakayechungulia begani kwangu akacheka.

Ulinifundisha kwamba habari husimuliwa kutoka shinani, basi naanzia kwenye lile sharti. Nilikuwapo siku ya ndoa ya Shangazi, nimejificha nyuma ya Mama. Ndahani, bwana harusi, alikuwa amekwisha silimu, mahari imekwisha pokelewa, wakwe wa Kigogo wamekaa uani wanangoja kumchukua mtu wao. Ukasimama mlangoni ukasema, "Dada yangu ni mtu wa kuswali. Hatalala chumba kimoja na ng'ombe wala mbuzi." Wakwe wakatazamana, maana kwao ndama na mbuzi wachanga hulala ndani ya tembe, nyumba yao ya udongo, pamoja na watu, na hakuna anayeona ajabu. Kisha mama yake Ndahani akainuka, akashika mwimo wa mlango wetu, akajibu, "Tumesikia. Halitavunjwa na sisi." Nakumbuka ulifurahi. Ulisema, watu hawa wana adabu.

Baba, sikujua siku ile tumewatwika nini.

Ndahani hakutulia mpaka alipolitimiza neno lako. Aliacha ng'ombe wa baba yake akaenda kuomba kazi ya reli, wakampa nyundo na spana, na pamoja na kazi wakampa chumba katika safu ya nyumba za wafanyakazi nyuma ya stesheni. Ni nyumba za mabati, ukuta bati, paa bati, sakafu ya mbao. Hakuna papasi, hakuna kupe, hakuna samadi. Shangazi aliisugua sakafu mpaka ungeweza kusujudu popote. Wanawake wa Kikuyu, kijiji cha wakwe zake, walikuja kuitazama, wakawa wanaigonga kwa vifundo vya vidole wasikie inavyolia. Nami nilipoletwa huku kumsaidia Shangazi mimba ilipokuwa kubwa, niliona fahari. Nilisema moyoni, neno la Baba limejenga nyumba.

Sasa baridi. Kwa desturi baridi ya huku hungoja mtama uvunwe, watu wakae kitako, kila mmoja na kibuyu chake na moto wake. Mwaka huu imekuja mtama ungali na maziwa. Jioni moja upepo ulitoka upande wa Mpwapwa, mkavu, hauna mvua wala vumbi, ukavuma bila kupumzika kama mtu anayepuliza uji usiopoa. Kulipokucha kuku wa jirani walikuwa wamekauka juu ya tawi walipolala, na mijusi imeanguka chini ya kuta, migumu kama vijiti. Mafuta ya nazi katika duka la Mhindi yaliganda yasiyeyuke hata adhuhuri, akawa anayakata kwa kisu na kuyauza vipande. Wanaume wa reli walijifunga magunia ya mchele kiunoni na mabegani. Walisema nyundo hazishikiki, chuma kinauma kama mbwa.

Safu yetu ina mnyapara anayeitwa Feruzi, mtu wa Bagamoyo, mdomo wake hauna mlango. Chumba chake kinapakana na chetu, bati moja tu linatutenga. Yeye ndiye aliyetuletea habari za kile kijiti cha kioo chenye zebaki kilichotundikwa mbele ya ofisi, ambacho Mzungu wa stesheni hukitazama kila asubuhi na kuandika.

"Leo katoka na blanketi juu ya koti," Feruzi alisema. "Kakitazama kioo, kakigonga kwa ukucha, kamwita mwenzake naye akitazame. Wanasema tangu kitundikwe hakijapata kushuka hapo. Na mwezi wa baridi wenyewe bado haujabisha hodi! Mimi mkinikuta nimekufa mnizike jikoni."

Kesho yake kikashuka tena, chini ya pale. Na siku hiyohiyo uchungu ukamshika Shangazi, mwezi wake haujatimia.

Ndahani hakuwapo, na mpaka leo hayupo. Yeye na wenzake wa reli walipelekwa upande wa Saranda kutengeneza daraja lililoharibiwa na mvua. Aliyempokea mtoto ni mama yake. Nilikwenda kumwita Kikuyu mbio, akaja, na alipofika mlangoni alifanya jambo ambalo sikulielewa. Alivua ile ngozi ya ng'ombe aliyojifunika, akailaza juu ya jiwe nje. Akaomba maji, akanawa mikono mpaka viwikoni, akanawa na miguu, kwa maji yale yaliyokuwa yanakata. Ndipo akaingia, na kaniki moja tu mwilini. Nikadhani ndiyo desturi yao ya uzazi.

Mtoto ungeweza kumlaza katika sahani ya wali. Hakulia. Alifungua mdomo kama kifaranga, sauti isitoke. Mama Ndahani akampulizia puani, akamsugua mgongo kwa kidole gumba, pumzi ikaja, lakini kilio hakikuja. Miguu yake ilikuwa baridi kama ya chura.

"Analia kwa ndani," Mama Ndahani akasema. "Akipata joto atalia kwa nje."

Joto tulilitafuta, Baba, Mungu anajua. Tuliwasha moto juu ya kipande cha bati katikati ya sakafu, moshi ukakosa pa kutokea, midomo ya mtoto ikageuka zambarau, tukauzima. Tukaleta makaa, kichwa kikamwanga Shangazi akatapika, Mama Ndahani akayabeba makaa na chungu chake akayatupa nje. Tukafunga mawe ya moto ndani ya nguo, yakapoa uji haujaiva. Tukapokezana kumweka kifuani, ngozi kwa ngozi, lakini sisi wenyewe tulikuwa tunatetemeka, na anayetetemeka ana joto gani la kumpa mwenzake? Kumtoa nje haikuwezekana, kitovu hakijaanguka na upepo uko mlangoni. Na bati ni kitu cha ajabu. Jua likiwaka linachoma, jua likizama linakunywa joto lote la ndani na kulitema nje. Asubuhi tulikuta pumzi zetu zimekuwa maji darini, zinatudondokea.

Mama Ndahani alikuja asubuhi na alasiri na kibuyu cha maziwa. Kila mara alivua ngozi, akanawa, ndipo akaingia. Siku moja nikaona midomo yake imepasuka na vidole havikunjiki. Nikamwambia aingie na ngozi yake. Nilisema kwa sauti yangu ile unayoijua, mpaka akaniuliza mara ya pili nimesema nini.

"Ingia na ngozi yako, bibi. Utakufa na baridi."

"Inanuka ng'ombe," akasema. "Mlisema ng'ombe wasiingie."

"Tulisema ng'ombe, bibi, si ngozi."

"Ngozi ni ng'ombe aliyepumzika."

Alicheka peke yake akaendelea kunawa. Mimi sikucheka. Hapo ndipo nilipoona jinsi walivyolibeba neno lako, Baba, kama yai mkononi, miezi yote hii, na sisi hatukujua hata kuwaambia ahsante.

Alasiri moja mtoto aliacha kunyonya. Shangazi alimwekea titi mdomoni, likakaa tu. Mama Ndahani akatia kidole chake mle mdomoni, akakiacha kitambo, akakitoa. Uso wake ulibadilika.

"Mdomo umepoa ndani," akasema.

Nikamvuta nje, ukutani, upande usio na upepo. Nikamuuliza kwao mtoto kama huyu hufanywaje.

"Kwetu hana shida. Mume wangu mwenyewe alizaliwa namna hii. Walimlaza kati ya ndama wawili mpaka akanenepa. Watu walimwita ndama mpaka anaota ndevu."

"Basi tumpeleke kwako, bibi. Tembe lako lina ndama."

"Katika upepo huu? Utatoka hapa na mtoto, utafika kwangu na nguo tupu."

"Basi waje wao. Ndama waje hapa."

Alinitazama. Kisha akageuza macho kuelekea njia ya Kikuyu. Niliona jinsi alivyotaka kusema ndiyo.

"Hilo mimi sina mdomo wa kulitamka," akasema. "Mwanangu naye hana. Neno si letu, ni lenu. Wa kulifungua ni mtu wa kwenu."

"Watu wa kwetu wako Busi, bibi. Ni mbali."

"Na wewe u wa wapi? Uliokotwa njiani?"

"Mimi ni mtoto tu."

"Mtoto ni yule anayekufa humo ndani."

Shangazi alikuwa ametusikia, maana bati halifichi siri. Akaniita. Alikuwa hana damu usoni, amemfunika mtoto kwa mikono yote miwili. "Mwanaidi, usithubutu," akasema. "Kaka alinitoa kwa sharti lile. Nikilivunja, atanikana. Nitarudi Busi na uso gani?"

Nikamwambia, "Shangazi, na asipolia huyu, utarudi na uso gani?" Ni maneno makali na nilimwambia mgonjwa. Nimemwomba radhi baadaye. Aligeukia ukutani akalia, lakini hakusema tena usithubutu.

Nikatoka nikamwambia Mama Ndahani sikioni, nimelifungua. Akarudi nyuma hatua moja kama mtu niliyemtemea mate.

"Unaninong'oneza kama mwizi? Lilisemwa mlangoni mbele ya watu. Litafunguliwa mlangoni mbele ya watu." Akaanza kuita, kwa Kigogo na kwa Kiswahili, na sauti yake ni ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe waliovuka bonde. Wake wa Kinyamwezi wa safu yetu wakatoka na watoto wao mgongoni. Vibarua waliokuwa wanatoka kazini wakasimama. Feruzi akatoka amejifunga gunia kichwani kama bibi harusi. Wote wakanitazama.

Unanijua, Baba. Mimi ni yule uliyemsomesha nyuma ya pazia, kwa sababu wanafunzi wakinitazama herufi zote zinanitoroka. Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu.

"Sema, binti, upepo unakula maneno yako!" Feruzi akapiga kelele, na watu wakacheka. Mwanamke mmoja akasema, "Mwache, ni bubu, masikini." Mwingine akasema, "Bubu gani, juzi nimemsikia anasoma Kurani." Nilitaka ardhi ipasuke, lakini ardhi yenyewe ilikuwa imekauka kwa baridi. Nikafikiri juu ya kile kidole kilichotoka mdomoni mwa mtoto. Nikashika mwimo wa mlango. Bati lile liliniunguza kwa ubaridi, na nadhani ni maumivu yale yaliyonitoa sauti.

Nilisema hivi, na nakuandikia yote bila kupunguza, uyapime mwenyewe: "Mimi ni Mwanaidi, binti wa mwalimu wa Busi. Baba yangu alisema dada yake hatalala chumba kimoja na ng'ombe wala mbuzi. Alilisema kwa ajili ya sala, hakulisema kwa ajili ya kifo. Mimi ni damu yake na hapa hakuna mwingine. Nalifungua neno hilo kwa kinywa chake, mpaka mtoto apate joto. Lawama ni ya kwetu, si ya ukoo wa Ndahani."

Feruzi alivua gunia lake kichwani.

Mama Ndahani akauliza, "Umesema mpaka mtoto apate joto?"

"Ndiyo, bibi."

"Si zaidi?"

"Si zaidi."

"Vema. Neno lisilo na mpaka ni wizi." Akachukua ngozi yake juu ya jiwe, akajifunika, na mzee yule, Baba, akakimbia. Sijapata kumwona mtu wa umri wake anakimbia vile, visigino vinampiga matakoni.

Alirudi jua halijazama, na mjukuu wake mmoja nyuma, wanaswaga ndama na mbuzi wenye watoto. Watu wa stesheni walitoka wote kutazama. Feruzi akasimama mlangoni akatanua mikono.

"Mama, mama, mama! Hii ni nyumba ya kampuni! Imeandikiwa watu, haikuandikiwa mikia!"

"Basi wewe hesabu vichwa," Mama Ndahani akamwambia, "mikia iache nje."

Watu wakacheka mpaka wakasahau baridi, na katika kicheko kile ndama wa kwanza akapita chini ya kwapa la Feruzi akaingia. Kwato kwenye mbao zilivuma kama ngoma ya harusi. Mmoja aliteleza akakaa kitako, akatutazama kana kwamba sisi ndio tuliomsukuma. Mbuzi walianza na mkeka. Mama Ndahani akatandaza majani makavu, akavuta kitanda cha Shangazi katikati, akafunga ndama upande huu na upande huu, mbuzi miguuni, akamviringisha mtoto ndani ya ngozi yake ileile na kumlaza kati ya tumbo la mama yake na tumbo la ndama mwekundu. Kisha akaziba nyufa za bati kwa samadi mbichi. Sakafu ile ya Shangazi, Baba. Lakini Shangazi mwenyewe alikuwa amefumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu ajifungue meno yake hayakugongana.

Joto lilipanda taratibu, kama maji yanavyopanda kisimani. Ilipofika isha nilishika miguu ya mtoto nikaikuta ni miguu ya mtu. Baadaye kidogo akanyonya, matone machache, akalala, akanyonya tena. Kulia hakulia. Mpaka leo hajalia. Mama Ndahani anasema mtoto asiyelia bado ana mguu mmoja huko alikotoka, tusianze kuimba. Kwa hiyo hatuimbi. Tunangoja.

Asubuhi yake Mzungu wa stesheni alipita, akaona kichwa cha mbuzi kimetokeza mlangoni. Akaja amefunga shuka shingoni, uso mwekundu, Feruzi nyuma yake amekunja mikono. Akasema maneno marefu ya Kidachi.

"Anauliza hawa ni wageni au wapangaji," Feruzi akafasiri. Sijui kama ndivyo alivyouliza kweli.

Mama Ndahani alifunua ngozi kidogo, akamwonyesha mtoto. Mzungu aliinama akatazama. Akavua kofia, akaivaa tena, akatazama ndama, akatazama samadi ukutani. Akasema neno moja fupi akaenda zake kukitazama kioo chake, ambacho asubuhi hiyo kilikuwa chini kuliko siku zote.

"Anasema zebaki ikipanda, watoke, na sakafu isuguliwe," akasema Feruzi. Kisha akaongeza polepole, kwa nafsi yake, "Na mimi je, hakuna ndama mmoja wa ziada?" Tangu siku hiyo mbuzi mmoja analala kwake. Anamwita "mke wangu mdogo."

Sasa yangu ya moyoni, Baba, ambayo ni rahisi kuyaandika kuliko kuyasema.

La kwanza ni sala. Ninatawadha nje na kuswali juu ya sanduku la spana la Ndahani, ambalo nimelifuta na kulitandika nguo safi. Ni jembamba, nikisujudu paji la uso linafika ukingoni. Ndama mwekundu amefungwa upande wa kibla, na mara nyingine hugeuza kichwa kunitazama ninapotoa salamu. Sijui kama sala zangu zinafika. Niambie kama nizilipe. Nitazilipa zote.

La pili naona haya zaidi kulitaja. Nalala vizuri. Ndama mmoja huniegemeza mgongo, anapumua polepole, nami sioni karaha. Nilifikiri nitaona karaha. Harufu yenyewe baada ya siku chache ni kama harufu ya maziwa na majani. Nilikuwa nikijua sisi ni watu wa namna fulani na wao ni watu wa namna fulani, na sasa silijui vizuri kama nilivyolijua. Usinikasirikie kwa hilo. Nakuambia kwa sababu ukiniuliza uso kwa uso nitanyamaza.

La tatu ndilo kubwa. Mama Ndahani haridhiki na neno langu peke yake. Amelikubali kwa sababu mtoto alikuwa anakufa, lakini anasema, "Binti amefungua, baba athibitishe." Kila msafiri anayetoka njia ya Kondoa, yeye husimama nje kumtazama kama amebeba kitu. Ukisema hapana, atawatoa ndama siku hiyohiyo, awe mtoto amelia au hajalia, upepo uwe unavuma au umetulia. Nawajua sasa. Ndahani naye akirudi kutoka Saranda ataniuliza, mbele ya mama yake, kama ni kweli umeridhia. Na Shangazi hali chakula sawasawa, kila akitafuna anasikiliza kama kuna mtu amekuja na jibu lako.

Basi nakuomba. Kabla hujashika kalamu kunijibu, toka alfajiri, simama nje ya chuo bila joho lako, mpaka usikie vidole havipo. Ukiisha kusimama, andika upendavyo, nami nitalisoma neno lako mlangoni kwa sauti, mbele ya watu walewale, hata kama ni la kunikemea. Lakini kama unaridhia, niandikie kwa mkono wako, maneno machache tu, na uweke salamu kwa Mama Ndahani kwa jina lake. Hajawahi kupata salamu kutoka kwetu.

Nisalimie Mama, mwambie asiniletee nguo, amletee Shangazi asali. Nisalimie bibi yangu mzaa Baba, na umwambie polepole, asije akashtuka, kwamba ana mjukuu mpya mwenye miguu ya chura iliyopona. Nisalimie kaka yangu mkubwa na mkewe. Mariamu mdogo wangu mwambie nimeona gari la moshi na halitishi kama wanavyosema, linatisha zaidi. Nisalimie wanafunzi wa chuo wote, hata wale waliokuwa wakicheka. Nisalimie jirani yetu mfuga nyuki. Shangazi anakushika miguu, anasema anakungoja.

Nilikuwa nimekwisha kuikunja barua, Baba, na Saidi amekwisha kuja kuichukua, amekaa kizingitini anakunywa maziwa. Nimeifungua tena. Mtoto amelia. Si kwa nguvu mwanzoni, kama mlango mkavu unaofunguliwa, kisha kwa nguvu, kisha akashika kweli, uso mwekundu, ngumi zimekunjwa, mpaka ndama wakasimamisha masikio. Shangazi anacheka na kulia pamoja. Ametaka kumpa titi, Mama Ndahani amemzuia mkono, amesema, aachwe kidogo, tumsikie. Feruzi amegonga bati kutoka upande wa pili, "Nani huyo anapiga kelele humo?" Na Mama Ndahani amemjibu:

"Mwenye nyumba."

Upepo bado unavuma. Jibu upesi.

Ni mimi mwanao,
Mwanaidi